Jibu: Radieta ya mvuke inapata moto nusu tu

Ndugu wa Bukavu, umeuliza kwa nini radieta ya dada yako huko Chicago (kile chuma cha kupasha nyumba joto kwa mvuke) inapata moto nusu tu. Ikipata moto upande wa bomba tu, hewa imekwama ndani. Kwenye mfumo wa bomba moja (mvuke unaingia na maji yanarudi kwa bomba lilelile), mvuke unaingia kadiri hewa inavyotoka kwenye kale kavali kadogo ka kutoa hewa, ka upande wa pili. Rangi au kutu vikikaziba, baridi inabaki.

Boila (mtambo wa kuchemsha maji yawe mvuke) izimwe, chuma kipoe kabisa (mvuke unaunguza vibaya, nauona kila siku kiwandani hapa Lubumbashi), kisha atoe kavali ka zamani, aweke kapya, kakae wima.

Na robine (koki) kubwa ya chini, ya kwenye bomba la mvuke, namsihi, asiiache nusu! Iwe wazi yote au ifungwe yote. Ikiwa katikati, maji ya mvuke uliopoa hayarudi vizuri kwenye boila, na kavali kanaanza kuyatema.