Usilipe hiyo tovuti mkuu, rekodi ya kukamatwa inaombwa kwa aliyekukamata

Mkuu simama hapo hapo, hiyo dola moja usiilipe.

Nimesoma bandiko lako lote na roho imeniuma kweli. Unasema unajiandaa kuomba uraia hapa Marekani, miaka ya nyuma ulikamatwa kwenye kaunti ambayo huishi tena, kesi ikafutwa, sasa unataka kujua rekodi yako inapatikanaje, na umekuta tovuti ya dola moja ya majaribio inayoahidi kukuonyesha kila kitu. Umeuliza pia kuhusu mwajiri na kama rekodi inaweza kufutwa kabisa. Hayo ya mwajiri yaache kwanza, kuna sentensi moja uliyoandika katikati ndiyo imefanya niache kazi nikae kuandika: eti jamaa anayekujazia fomu kakwambia ripoti ya tovuti ikija safi basi kwenye swali la kukamatwa weka HAPANA kwa sababu kesi ilifutwa.

Maneno hayo hayo niliambiwa mimi. Nakuelezea yaliyonipata.

Nilikamatwa naendesha gari leseni ikiwa imesimamishwa, na ilisimamishwa kwa sababu ya tiketi ya spidi ambayo barua zake zilikuwa zinaenda anwani niliyokwishahama. Nikatiwa pingu, nikapelekwa jela ya kaunti, picha ya mbele, picha ya ubavuni, vidole vyote kwenye mashine, asubuhi nikatoka kwa dhamana. Baadaye nikalipa tiketi, leseni ikarudi, mwendesha mashtaka akaifuta kesi, hakimu akanitakia siku njema na mimi nikaenda kazini nikijua yameisha. Ilipofika wakati wa uraia nikaenda kwa mtu mmoja anayejaza fomu za wahamiaji, sio wakili, ila ana ofisi, ana printa, ana bendera ukutani, na kila mtu kwenye jamii yetu anamwita mtaalamu. Akanionyesha tovuti kama hiyo yako, nikalipa, ripoti ikaja haina kitu. Akasema umeona, uko safi, kesi ikifutwa ni kama haikuwahi kuwepo, weka hapana.

Sasa sikiliza. Zile alama za vidole hazibaki pale jela. Zinaenda kwenye kanzidata ya jimbo na kutoka hapo FBI, na ukiomba uraia serikali inakuchukua vidole vipya na kuvilinganisha na vile vya zamani. Hawatafuti jina lako kwenye tovuti ya dola moja. Kwenye intavyuu ofisa akaniapisha, mkono wa kulia juu, akaniuliza maswali ya fomu moja moja, tulipofika umewahi kukamatwa au kushikiliwa na polisi kwa sababu yoyote nikajibu hapana kama nilivyoelekezwa. Hakubisha. Akageuza karatasi iliyokuwa mbele yake, tarehe ipo, idara ya polisi iliyonikamata ipo, kosa lipo. Akaniuliza tena kama nina la kusema.

Ombi likakataliwa, na hapa ndipo nataka uelewe vizuri kabisa: halikukataliwa kwa sababu ya kukamatwa. Kesi ya leseni iliyofutwa isingenizuia hata kidogo, ningeweka NDIYO nikaambatanisha karatasi ya korti ningeapishwa uraia nikaenda kula na familia. Lilikataliwa kwa sababu ya kusema uongo chini ya kiapo, na sheria ya uhamiaji inasema ukitoa ushahidi wa uongo ili upate haki ya uhamiaji basi huhesabiki kuwa mtu mwenye tabia njema katika kipindi kinachoangaliwa, ambacho kwa wengi ni miaka 5, au 3 kama unaomba kupitia ndoa na raia. Yaani ule muda unaanza kuuhesabu upya. Ada ya wakati ule ilikuwa dola 725 na hairudi, sasa hivi tangu Aprili 2024 ni dola 760 kwa karatasi na 710 onlaini, lakini hela ndiyo iliyokuwa ndogo. Mama yangu nilitaka nimwombee aje, mzazi anaombewa na raia tu, mwenye grinikadi hawezi. Miaka yote hiyo ya kusubiri mama alikuwa anazeeka kwenye simu.

Na yule mtaalamu? Nilipomrudia akasema mimi niliandika ulichoniambia. Sahihi yake haipo popote kwenye ile fomu, ile sehemu ya aliyekusaidia kujaza aliiacha tupu makusudi. Watu wa namna hii wananichefua, wanakula hela ya watu wasiosoma kingereza cha sheria vizuri, wanatoa ushauri ambao maelekezo ya fomu yenyewe yanaukana. Nenda kasome maelekezo ya N-400, ndiyo fomu yenyewe ya kuomba uraia, imeandikwa wazi kwamba lazima useme hata kama rekodi imefungwa au imefutwa, na hata kama hakimu, polisi au wakili alikwambia huna rekodi tena. Imeandikwa! Mtu anayejaza fomu hizo kila siku hajawahi kusoma hicho kipande? Alijua au hakujali, vyovyote vile alinila.

Nije kwenye hizo tovuti maana ndiyo swali lako. Zile ni duka la data. Wanakusanya vipande vya rekodi kutoka sehemu mbalimbali, kaunti hii wameipata, kaunti ile hawana, nyingine waliichukua zamani na hawajaigusa tena, halafu wanachanganya na anwani zako za zamani na majina ya ndugu zako ili ripoti ionekane nene. Kwa hiyo wakikwambia huna kitu maana yake ni kwamba WAO hawana kitu. Soma maandishi madogo kule chini wenyewe wanakiri kwamba ripoti yao isitumike kwa ajira wala nyumba, kwa sababu hawataki kubanwa na ile sheria ya serikali kuu ya 1970 (Fair Credit Reporting Act) inayowabana wanaouza ripoti za watu kwa waajiri na wenye nyumba. Na dola moja ni ya chambo tu, kadi yako ikishaingia wanakukata kila mwezi mpaka uwapigie simu kugombana nao.

Kanuni yangu ni moja na naisema kila ninapoona mtu anataka kupita njia ile: rekodi inatoka kwa aliyekukamata na kwa korti iliyomaliza kesi, na karatasi isiyo na muhuri wao sio rekodi.

Kwa hiyo kaa chini ukumbuke nani alikukamata. Sio mji gani, NANI. Polisi wa mji, sherifu wa kaunti, au polisi wa barabara kuu wa jimbo? Hizi ni ofisi tatu tofauti na kila moja inatunza makaratasi yake. Watu wengi wanaandikia polisi wa mji kumbe aliyewashika ni sherifu, wanajibiwa hatuna kitu, wanafurahi. Jela yenyewe mara nyingi iko chini ya sherifu hata kama aliyekukamata ni polisi wa mji, kwa hiyo karatasi ya kupokelewa jela itakuwa kwa sherifu na ripoti ya kukamatwa itakuwa polisi. Kama una karatasi ya dhamana, risiti ya kuvutwa gari, chochote cha siku ile, kitafute, jina la idara na namba ya kesi vinakuwepo pale juu. Namba hiyo ni dhahabu.

Nasema namba ni dhahabu kwa sababu ya majina yetu. Tuseme unaitwa Juma Hamisi Salum. Pale jela mtu anaandika anavyosikia saa nane za usiku, unaweza kukuta Hamisi imekuwa jina la ukoo, Juma imeandikwa kwa O, au Hamisi Salum vimeunganishwa kuwa neno moja. Mimi jina la baba yangu ndilo lilikaa mbele na langu lilikuwa mwisho, na ndiyo maana ile tovuti haikuniona. Na kama uliingia kama mkimbizi ukapewa tarehe ya kuzaliwa 1 Januari ndio kabisa, kuna watu wengi wenye jina linalofanana na lako na tarehe hiyo hiyo, unaweza ukaletewa kesi ya wizi ya mtu mwingine. Ukienda ofisini waambie watafute kwa kila mpangilio wa jina, na uwape tarehe ya kukamatwa na namba. Usiwaachie jina peke yake.

Ukishajua nani, unaandika ombi kwa kitengo cha rekodi cha idara hiyo. Wengi wana fomu kwenye tovuti yao rasmi, ukikosa barua ya kawaida inatosha: jina lako na namna zote lilivyoweza kuandikwa, tarehe ya kuzaliwa, tarehe na mahali pa kukamatwa, namba kama unayo, unataka ripoti ya kukamatwa, na kwamba ni rekodi yako mwenyewe, weka nakala ya kitambulisho. Na usitume ombi Washington kwa ile sheria ya uhuru wa habari ya 1966, ile ni ya ofisi za serikali kuu tu, sherifu wa kaunti haimhusu. Kila jimbo lina sheria yake ya rekodi za umma, taja hiyo. California wana siku 10 za kukujibu kama watakupa au la, Illinois siku 5 za kazi, New York nao siku 5 za kazi kukupa jibu la kwanza, Texas wanahesabu siku 10 za kazi. Majina ya sheria mara nyingi utayapata kwenye tovuti rasmi za jimbo husika. Wakikunyima omba wakuandikie kifungu wanachokitegemea, usikubali jibu la mdomo dirishani. Ripoti nzima wanaweza kuizuia kama uchunguzi bado uko wazi, ila zile taarifa za msingi, nani kakamatwa, lini, kosa gani, majimbo mengi zinatolewa, California imeziorodhesha kabisa kwenye sheria.

Lakini karatasi ambayo ofisa wa uhamiaji ataitaka kuliko zote iko kwa karani wa korti. Ni ile inayoonyesha kesi iliishaje, hapa wanaiita disposisheni, na iombe nakala iliyothibitishwa, kwa kingereza certified copy. Hilo neno ulitamke, maana usipolitamka watakuchapishia ukurasa wa kompyuta na kukupa, na ofisa ataurudisha. Yangu niliipata kwa mama mmoja mwenye miwani dirishani, akatafuta jina hakuona, nikamwomba aligeuze, likatokea pale pale, akachapisha, akaweka sahihi, halafu akaiingiza kwenye kile chuma akabonyeza. Ukipitisha kidole unausikia muhuri umenyanyuka kwenye karatasi. Nilimlipa ada ndogo kuliko niliyolipa ile tovuti, na ilikuwepo pale miaka yote.

Angalia pia kesi ilisikilizwa korti gani, majimbo mengine makosa madogo yanaishia korti ya mji na karani wa kaunti hana habari nayo. Kama ulikamatwa ukaachiwa bila kushtakiwa, omba barua ya polisi au ya korti inayosema hakuna mashtaka yaliyofunguliwa. Kama faili lilishaharibiwa kwa uzee, omba barua yenye muhuri inayosema wametafuta na hawakupata. Ukiwa mbali wanapokea kwa posta, weka mani oda na bahasha yenye stempu na anwani yako, wapigie simu kwanza uulize ada.

Na kama hukumbuki kabisa siku wala idara, agiza rekodi yako mwenyewe FBI, ni dola 18 na alama za vidole, unaona kilichoko kwenye kanzidata yao, tarehe na idara zilizotuma vidole vyako zimo, halafu unarudi kwa karani kuchukua zenye muhuri. Ukiwa na hofu yoyote kabla ya kutuma, tafuta wakili wa uhamiaji au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria, wengi wao wako kwenye mashirika yasiyo ya faida na bei zao zinabebeka.

Niandikie hapa chini jimbo, kaunti, na kama gari la aliyekukamata lilikuwa la sherifu au la mji, nitakwambia uanzie dirisha gani. Jina lako na namba ya kesi usiviweke hadharani. Na fomu hiyo usiitie sahihi wiki hii.