Je, insulini hujenga misuli au huilinda isibomoke?

Swali: Ninafundisha biolojia kidato cha sita. Kitabu tunachotumia kinasema kwamba insulini huchochea usanisi (yaani ujenzi) wa protini katika misuli, lakini mwanafunzi wangu mwenye kisukari cha aina ya kwanza ameambiwa na daktari kwamba insulini peke yake haijengi msuli. Anauliza pia kama akiongeza dozi misuli yake itanenepa. Nimjibu nini?

Jibu: Mwalimu, daktari yuko sahihi, na kitabu nacho hakikukosea, ila kimefupisha mno.

Insulini ikishashikana na kipokezi chake kwenye utando wa seli ya msuli, ishara hupokezanwa ndani ya seli hadi kwenye kimeng'enya kiitwacho AKT, nacho huondoa kizuizi kilichokuwa kikiibana mTORC1, ambayo ndiyo msimamizi mkuu wa ujenzi wa protini. mTORC1 ikiamka, huitia fosfati protini ndogo ya 4E-BP1, ambayo seli ikiwa na njaa huwa imekikamata kipengele kinachohitajika ili ribosomu, yaani kiwanda cha protini cha seli, ianze kuisoma RNA mjumbe, yaani nakala ya maagizo ya jeni. Kipengele hicho kikiachiliwa, kazi huanza, na yote haya huchukua dakika chache tu.

Hapo ndipo kitabu kinapoishia, na hapo ndipo ugumu unapoanza. mTORC1 haiitikii insulini peke yake: asidi amino, yaani vijenzi vya protini, hasa ile iitwayo lusini, ndizo zinazoivuta hadi kwenye lisosomu, kifuko cha umeng'enyaji ndani ya seli, mahali inapoweza kuamshwa, na zisipokuwapo ishara ya insulini haifui dafu. Ndiyo maana mtu mzima akitiwa dripu ya insulini bila asidi amino, asidi amino za damu yake hushuka na usanisi katika misuli hauongezeki. Kinyume chake, akitiwa asidi amino huku insulini ikiachwa katika kiwango cha mtu ambaye hajafungua kinywa, yaani takriban miliyuniti 5 kwa lita, usanisi hupanda vizuri, na kuiongeza insulini mara nyingi juu ya hapo hakuupandishi zaidi. Insulini kidogo inatosha kuruhusu ujenzi. Malighafi ndiyo inayoamua ukubwa wake.

Kauli ya vitabu ina asili yake. Majaribio mengi ya awali yalifanywa kwa panya wachanga na, baadaye, kwa vitoto vya nguruwe, ambao misuli yao kweli huitikia insulini kwa kujenga kwa kasi, lakini mwitikio huo hufifia kadiri mnyama anavyokua.

Kwa mtu mzima, kazi kubwa ya insulini iko upande wa pili, ule wa kuzuia ubomoaji. AKT ile ile huzitia fosfati protini za jamii ya FoxO na kuzizuia zisiingie katika kiini cha seli, ambako zingewasha jeni za vimeng'enya vinavyozibandika protini za msuli alama ya kupelekwa kwenye proteasomu, yaani mashine ya seli ya kuvunjia protini, zikavunjwe. Insulini inapofika karibu miliyuniti 30 kwa lita, kiwango ambacho mlo wa kawaida hukifikia bila shida, uvunjaji huo hupungua hadi takriban nusu. Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 aliyekuwa mgonjwa wa kisukari wa kwanza kudungwa insulini, mjini Toronto mnamo Januari 1922, alikuwa na uzito wa kilo zipatazo 29 tu. Misuli ya wagonjwa wa namna yake haikuyeyuka kwa sababu ribosomu zimegoma, bali kwa sababu ubomoaji ulikuwa umeuzidi ujenzi kwa mbali.

Kuhusu dozi, mweleze mwanafunzi wako waziwazi kwamba asiiongeze. Dozi inayolingana na mlo wake imekwisha kuzuia sehemu kubwa ya ubomoaji unaoweza kuzuiwa, na ziada yake haina protini ya kuifanyia kazi, ila glukosi ya damu itaendelea kushuka, jambo linaloweza kumzimisha darasani au usingizini. Hatari hiyo hiyo inawahusu wanaonyanyua vyuma ambao hawana kisukari lakini hujidunga insulini kwa kuamini itawakuza. Akitaka misuli, ale maharage, samaki, mayai au maziwa katika kila mlo, na afanye mazoezi ya kunyanyua uzito, akipima sukari kabla na baada ya mazoezi, kwa sababu msuli unaofanya kazi huvuta glukosi hata bila msaada wa insulini, na huenda daktari akalazimika kumpunguzia dozi siku hizo.