Kompyuta mpakato zimefika, ila zinalala kabatini

Habari mwalimu. Umesema kila mwanafunzi amepewa kompyuta mpakato yake, lakini miezi inapita na masomo bado ni chaki na ubao. Kabla ya yote, hesabu soketi. Kwetu darasa la watoto 40 lilikuwa na soketi mbili tu. Kufikia kipindi cha tatu nusu ya mashine zimezima, na mwalimu akishaaibika mara moja hazigusi tena. Tukaanza kuzichaji zote usiku, kwa zamu.

Kisha wape walimu mashine muhula mzima kabla ya watoto. Hapo msibane muda, tafadhali. Kugawa mashine peke yake hakutoshi: nchini Peru waligawa kompyuta mpakato kwa wanafunzi kwa mamia ya maelfu, na tathmini ya 2012 haikuona alama za hesabu wala lugha zikipanda.