Betri Inaingia Wapi?

Juzi msomaji mmoja kanitumia picha ya mita ya mwanga (kifaa cha wapiga picha cha kupimia mwanga) aliyoikuta kwenye sanduku la vitu vya babu yake. Chini ya picha, swali la maneno manne: "Kaka, betri inaingia wapi?" Nikacheka peke yangu, halafu nikanyamaza. Miaka minne iliyopita mimi mwenyewe nilishika bisibisi kutafuta mahali pa betri kwenye mita kama hiyohiyo, na mkwaruzo niliouacha ubavuni upo mpaka leo.

Haina betri, ndugu yangu. Lile jicho la nyuma, lenye vioo vidogo vilivyopangana kama sega la nyuki, limefunika seli ya seleni. Mwanga ukiipiga, seli yenyewe inazalisha umeme kidogo, na umeme huo ndio unaosukuma sindano. Ndiyo maana mita ya miaka ya 1940 inaweza kutolewa sandukuni leo ikaanza kazi papo hapo. Ila seli huzeeka, hasa ikikaa kwenye unyevu. Ukiipeleka juani na sindano haishtuki, basi, seli imekwisha.

(Zipo nyingine zinazotaka betri, nyingi ni za miaka ya 1960. Zilitengenezewa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo haitengenezwi tena. Ukiweka ya kawaida ya volti 1.5, mita itakudanganya. Wengi hutumia zile betri ndogo za vifaa vya kusaidia kusikia, ambazo volti zake zinakaribiana na za zamani.)

Yangu ni Weston Master II, niliachiwa na mjomba. Jina hilo ni la Edward Weston mhandisi, mzaliwa wa Uingereza aliyefungua kampuni yake ya vipimo vya umeme Marekani. Si yule Edward Weston mpiga picha. Mimi nilikuwa nawachanganya, tena kwa kujiamini mbele za watu.

Sasa nieleze aibu yangu. Binamu yangu alipooa, niliomba nipige mkanda mmoja wa filamu pembeni ya mpiga picha aliyelipwa. Mzee yule alipoiona mita mkononi mwangu alisema, "Kijana, hiyo katundike ukutani." Watu wakacheka. Nikasema moyoni, utaona.

Bibi harusi alisimama kivulini, chini ya mti. Nikamsogelea, nikaielekeza mita kwenye gauni, sindano ikapanda hadi 200. Nikazungusha piga, ile duara yenye namba, mpaka mshale ukakaa kwenye 200, nikasoma tundu la lenzi na kasi ya shata, nikaweka kwenye kamera kama nilivyoambiwa. Kwa bwana harusi nikapima suti nyeusi. Kwa picha za kundi nikarudi nyuma nikaiinua mita, nusu yake ikitazama mbingu.

Mkanda uliposafishwa, negativu za bibi harusi zilikuwa nyepesi kama maji. Gauni limekuwa la kijivu, uso umezama gizani. Bwana harusi ameungua, mwanga umemzidi. Kundi zima ni vivuli mbele ya anga zuri sana. Kati ya picha 36 niliokoa 9. Mzee hakusema kitu, alinirudishia tabasamu tu. Bado linaniuma.

Niliilaumu mita miezi kadhaa. Siku moja ya jua kali, anga jeupe, nikaamua kuipa mtihani. Kanuni ya zamani inasema hivi: jua likiwaka wazi, weka tundu f/16, na kasi iwe sekunde moja ukiigawanya kwa namba ya filamu (ile inayoonyesha wepesi wake kwa mwanga). Filamu ya 100, basi 1/100, au 1/125 iliyo karibu. Nikapima kiganja changu juani. Kiganja cha karibu kila mtu ni cheupe kuliko kile kijivu cha kati ambacho mita hukichukulia kila kitu, kwa takriban stopu moja (stopu moja ni mwanga mara mbili au nusu yake), kwa hiyo unapima, kisha unaongeza stopu moja. Mita ikanipa f/16 kwa 1/250. Nikaongeza stopu: 1/125. Nilikaa chini. Mita ya mjomba ilikuwa nzima, mgonjwa nilikuwa mimi.

Mita haijui gauni wala suti. Chochote unachoionyesha, inakipa namba za kukifanya kiwe kijivu cha kati. Gauni jeupe litashushwa, suti nyeusi itapandishwa. Siku hizi gauni likisoma 200 kivulini, mshale nauweka kwenye 50, maana 200 kwenda 100 ni stopu moja, 100 kwenda 50 ni ya pili. Gauni linabaki jeupe na uso unaonekana.

Na usiielekeze mbinguni. Inamisha kidogo ikitazama chini. Nimeshasema? Narudia, kwa sababu najua utafanya: usiielekeze mbinguni.

Jambo jingine dogo: Master II inatumia namba za filamu za Weston, si ASA, zile zinazoandikwa kwenye boksi la filamu. Filamu ya 100 iweke 80, ya 400 iweke 320. Kabla ya yote funika jicho kabisa na uone kama sindano inarudi sifuri. Kama hairudi, kuna skrubu ndogo ya kuirekebisha.

Vijana wenzangu, tunapenda vitu vya zamani kwa sura, tunavitundika shingoni, tunapigia picha. Kaa nacho mwezi mzima. Pima ukuta, pima kiganja, andika daftarini. Mwezi uliopita mkanda wangu ulitoka picha zote 36, na nimemtumia binamu picha tatu bila kumwambia neno. Najua atamwonyesha yule mzee.

Jana msomaji wangu kaandika tena: sindano inashtuka! Sasa anauliza kile kifuniko chenye matundu kwenye jicho ni cha nini. Nje kwenye mwanga mkali kifunge, matundu yapunguze mwanga. Ndani ya nyumba kifungue, na utaona namba za usoni zinabadilika zenyewe, zinakuja zile ndogo. Usikilazimishe kwa bisibisi.