Mabaka ya mkononi na mtoto tunayemsubiri

*Shikamoo Daktari. Nina miaka 33, ni fundi seremala hapa Tanga. Mbalanga ilinianza vidoleni miaka miwili iliyopita, sasa imefika midomoni. Ndoa yangu ina miaka minne na hatujajaliwa mtoto. Muuza dawa mmoja kaniambia damu yangu imechafuka, na uchafu huohuo ndio uliounguza mbegu. Kaniuzia chupa tatu. Mke wangu, mawifi zake wanamwita mgumba. Nikiwa na miaka 19 nilipigwa teke la korodani mpirani, ikavimba, nikapasuliwa. Je, haya yote ni ugonjwa mmoja?*
— Seremala, Tanga

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikazihesabu tarehe zako. Mbalanga ina miaka miwili, ndoa ina minne. Maana yake mlikaa miaka miwili mizima bila mtoto wakati mwilini mwako hakuna hata baka moja. Hapo maneno ya muuza dawa yameshaanguka. Chupa hizo acha kuzinywa, ila usizitupe. Nenda nazo hospitali wazione.

Damu yako haijachafuka. Katika mbalanga, kinga ya mwili inawapiga wenyeji ikidhani ni maadui: inazishambulia chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi. Haiambukizi, na haiunguzi mbegu. Kaka yangu wa kuzaliwa ana mbalanga tangu darasa la sita, na ana watoto wanne.

Lililonisimamisha ni lile teke. Mbegu za kiume huanza kutengenezwa kijana anapobalehe, lakini kinga hujifunza kuwatambua wenyeji wa mwili mapema sana, tangu tumboni na uchangani. Kwa hiyo mbegu zikianza kutoka, kinga haizijui. Ndiyo maana ndani ya korodani kuna ukuta wa chembe zilizobanana sana, unaotenganisha mbegu na damu. Ukuta huo ukipasuka, kwa kipigo, kwa upasuaji au kwa maambukizi, kinga huziona mbegu na kuzitengenezea kingamwili, yaani silaha zake za kupambana na adui. Kingamwili hizo hunata kichwani au mkiani mwa mbegu. Mbegu zinashikana makundi makundi, haziogelei vizuri, na nyingine zikiingia kwenye ute wa shingo ya kizazi hubaki zikitetemeka palepale.

Sisemi hilo ndilo lililokupata. Wengi wameumia kama wewe na wamezaa, na pengine korodani ile ilisinyaa tu, nyingine ikaendelea na kazi. Ndiyo maana nataka upime kabla hujanunua kitu kingine chochote.

Anza na kipimo cha shahawa. Kaa siku 2 hadi 7 bila kumwaga. Ukitolea nyumbani, chombo kifike maabara ndani ya saa moja, kikiwa karibu na mwili kisipoe. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021, kiwango cha chini ni mbegu milioni 16 kwa mililita, na asilimia 42 ziwe zinatembea. Kuwa chini ya hapo si kusema huwezi kuzaa. Majibu yakiwa mabaya rudia baada ya miezi mitatu, kwa sababu mbegu moja huchukua zaidi ya miezi miwili kukomaa, na homa kali ya mwezi uliopita inatosha kuharibu kipimo. Mbegu zikionekana zimeshikana, omba kipimo cha kingamwili dhidi ya mbegu.

Pima na tezi ya shingo. Wenye mbalanga huipata shida ya tezi hiyo kuliko watu wengine, na homoni zake zikivurugika mbegu nazo huathirika. Ikiwa kweli ni mbalanga, hapa ndipo ngozi yako na uzazi wako vinaweza kukutana.

Jambo moja unifanyie leo. Fumba macho, mkeo akuguse mabaka kwa kipande cha pamba. Usipohisi, hiyo huenda si mbalanga bali ukoma, ambao kweli unaweza kufika hadi korodani. Wahi kituo cha afya. Dawa zake ni bure na unatibika.

Zikikutwa kingamwili, usiende kununua vidonge vya prednisoloni dukani. Vina madhara, na faida yake kwa jambo hili ni ndogo. Njia zinazosaidia ni kusafisha mbegu na kuziweka moja kwa moja kwenye mji wa mimba, au kuidunga mbegu moja ndani ya yai maabara. Hiyo ya pili ni ghali, sikufichi.

Mkeo naye apimwe, siku hiyohiyo, mkiwa pamoja. Na hao wanaomwita mgumba ni dada zako, baba. Waambie wewe, kwa mdomo wako, kwamba anayeanza kupimwa ni kaka yao. Majibu yakitoka niandikie tena.