Maswali na Majibu: Daktari Sara Josephine Baker na Watoto Wachanga wa New York

Makala yetu kuhusu Daktari Sara Josephine Baker, mwanamke aliyeongoza kitengo cha afya ya watoto katika Jiji la New York tangu mwaka 1908 hadi 1923, imetuletea maswali mengi. Tunajibu yale yaliyorudiwa zaidi.

*Ni kitu gani kilichomsukuma kusomea udaktari, ilhali alizaliwa katika familia yenye uwezo?*

Ni msiba. Alipokuwa na umri wa miaka 16 baba yake alifariki kwa homa ya matumbo, na mpango wa kumpeleka chuo ambacho mabinti wa tabaka lake walikuwa wakisoma ukavunjika. Akaona ni lazima apate kazi ya kuitegemeza familia, akachagua udaktari, na mwaka 1898 akahitimu katika chuo cha tiba cha wanawake jijini New York. Inafaa kutaja kwamba somo alilofeli akiwa chuoni lilihusu mtoto mwenye afya njema. Alilazimika kulirudia, na kwa kulirudia akalipenda kuliko masomo mengine yote.

*Je, ni kweli kwamba yeye ndiye aliyemkamata Mary Mallon, mpishi aliyeambukiza watu homa ya matumbo?*

Ni kweli, mwaka 1907. Mary alikuwa na vijidudu vya ugonjwa huo mwilini bila yeye mwenyewe kuugua, na hakukubali kuambiwa hivyo. Daktari Baker alipofika na askari polisi, Mary alimjia na uma mrefu wa jikoni, kisha akatoweka, na msako ukachukua saa kadhaa kabla hajapatikana amejificha. Njiani kuelekea hospitalini daktari alimkalia ndani ya gari la wagonjwa ili asiruke. Kisa hiki husimuliwa sana, lakini kwa maoni yetu kimeifunika kazi yake kubwa, ambayo haikuwa na vurugu yoyote.

*Aliwezaje kupunguza vifo vya watoto wachanga wakati ambapo dawa za kuua bakteria hazikuwepo?*

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote. Kabla ya kupewa kitengo, Daktari Baker alikuwa mkaguzi wa afya katika mitaa ya maskini, akipanda ngazi za majengo ya ghorofa yaliyojaa wapangaji ili kutafuta watoto wagonjwa. Kwa kumbukumbu zake mwenyewe, katika kiangazi cha mwaka 1902 watoto wapatao 1,500 walikuwa wakifa kila wiki jijini humo, wengi wao kwa kuhara. Alichokiona ni kwamba mtoto aliyekwisha kuhara hadi kuishiwa maji, katika chumba chenye joto kali na maziwa yaliyochacha, alikuwa vigumu mno kumwokoa, hata daktari angekuwa hodari namna gani. Kwa hiyo akaamua kumfuata mtoto ambaye bado ni mzima.

Katika kiangazi cha mwaka 1908 alichagua eneo moja la Lower East Side, mtaa wa maskini jijini humo, lililokuwa na vifo vingi. Kila siku ofisi ya usajili wa vizazi ilimpatia majina ya watoto waliozaliwa, na siku iliyofuata muuguzi alibisha hodi kwa mama. Muuguzi hakubeba dawa: alimhimiza mama amnyonyeshe mwanawe, afungue madirisha hewa ipite, amwogeshe mtoto mara kwa mara na amvike nguo nyepesi badala ya kumfunga manguo mazito wakati wa joto. Kiangazi kilipokwisha, vifo katika eneo hilo vilikuwa vimepungua kwa 1,200 vikilinganishwa na vya kiangazi kilichotangulia, wakati maeneo mengine ya jiji hayakuona nafuu ya namna hiyo. Baadaye aliongeza vituo vya maziwa salama, mafunzo na leseni kwa wakunga, pamoja na vikundi vya kuwafundisha wasichana waliobaki nyumbani kulea wadogo zao huku mama zao wakiwa kazini.

*Madaktari wanaume walimpokeaje?*

Vibaya. Madaktari sita waliowekwa chini yake walitaka kujiuzulu kwa sababu mkuu wao ni mwanamke. Aliwaomba wamjaribu kwa mwezi mmoja, nao wakabaki. Madaktari wa Brooklyn, sehemu ya Jiji la New York, walimwandikia meya wakitaka kitengo kifungwe, kwa hoja kwamba kuwafanya watoto wasiugue kunaharibu biashara yao. Sijui kama kuna sifa kubwa zaidi ambayo daktari wa afya ya jamii anaweza kupewa na wapinzani wake. Tena, Chuo Kikuu cha New York kilipomwomba afundishe afya ya watoto, alikubali kwa sharti kwamba naye apokelewe kama mwanafunzi, ingawa kozi hiyo haikuwa ikipokea wanawake. Chuo kilikataa, kikatafuta mwalimu mwingine bila kumpata, hatimaye kikakubali, na mwaka 1917 akapata shahada ya udaktari wa afya ya jamii.

*Kuna kifaa chochote alichokibuni?*

Kipo. Watoto wengi walipofuka kwa maambukizi ya kisonono waliyoyapata wakati wa kuzaliwa, na kinga yake ilikuwa matone ya nitrati ya fedha. Tatizo lilikuwa chupa: dawa ilichafuka, au maji yake yalikauka ikawa kali kiasi cha kuunguza jicho. Daktari Baker alibuni vidonge vidogo vya nta ya nyuki, kila kimoja kikiwa na kipimo cha jicho moja, ambavyo mkunga angeweza kuvitumia bila hofu ya kukosea kipimo.

*Aliishia wapi?*

Alistaafu mwaka 1923, akaiwakilisha Marekani katika kamati ya afya ya Shirikisho la Mataifa, akaandika kumbukumbu za maisha yake mwaka 1939, na kufariki mwaka 1945.