Kukimbia alfajiri Dar ukitokea Arusha: jibu kwa mkuu mwenye semina Posta

Mkuu, umesema unatoka Arusha, semina na hoteli vyote viko Posta, na hutaki mazoezi yakatike. Unauliza ukimbie wapi, saa ngapi, na usalama ukoje. Mimi pia ni wa Arusha, kazi inanishusha Dar mara kwa mara, na raba huwa siziachi nyumbani.

Kwanza tuachane na stori za kijiweni kwamba mtu wa milimani akifika pwani anapaa tu. Ni kweli sisi tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo Dar mapafu hayalalamiki. Kinachokukamata ni joto na unyevu. Kwetu jasho linakauka kabla hujaliona. Kule linachuruzika mpaka kwenye soksi, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Moyo unaenda mbio wakati miguu inajikokota. Saa ya mkononi isikupe presha, kubali kupoteza hata dakika nzima kwa kila kilomita. Mwili unataka wiki moja mpaka mbili kuzoea, na kufikia hapo semina yako imeshaisha.

Toka saa kumi na moja na nusu, giza likiwepo. Ukisubiri mpaka saa moja, jua limeshakuwa kali na foleni imeshaanza. Anzia Sanamu ya Askari, yule wa shaba aliyesimama pale tangu 1927, shika Barabara ya Samora, pita Bustani ya Mimea, utokee hospitali ya Ocean Road. Pale uko jirani na Ikulu, hivyo simu ibaki mfukoni na usisimame simame. Kisha Barabara ya Barack Obama, bahari kulia kwako, upepo unaanza kukusaidia. Kunguru nao wameshaamka, na kelele zao utazisikia kuliko adhana.

Ukifika hospitali ya Aga Khan panda Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa 2022. Lina urefu wa kilomita moja na kidogo, na njia ya waenda kwa miguu ipo. Kwangu hiki ndicho kipande bora cha Dar nzima. Maji yakiwa yamekupwa utaona matope na mikoko upande wa daraja la zamani la Salenda, na harufu ya Mto Msimbazi utaipata, hiyo siwezi kukuficha. Maji yakijaa, unakimbia juu ya bahari na jua linachomoza upande mmoja. Utakutana na watu wa kila aina: vitambi vya maofisini, wazee wanaotembea kwa kurusha mikono, na vijana wanaokupita bila salamu. Ukishuka upande wa pili uko Coco Beach. Geuza hapo.

Usalama: darajani kuna watu, wasiwasi ni mdogo. Shida iko mjini kabla hakujapambazuka, kwenye mitaa mitupu, kwa vibaka wa pikipiki. Simu usiishike mkononi, earphone acha hotelini, kimbia upande wa kulia wa barabara ili uone kinachokuja mbele yako. Hata hivyo bodaboda wengine wanakuja kinyume, kwa hiyo shingo iwe nyepesi. Beba elfu mbili tatu tu.

Ukirudi, muuza kahawa mwenye dele, lile birika la kahawa, utamsikia kabla hujamwona, anagonganisha vikombe. Kahawa na kashata ni tamu, lakini tanguliza maji. Dafu ni zuri, ila chumvi yake ni kidogo, na wewe umemwaga chumvi nyingi. Mimi namalizia na supu yenye ndimu.

Halafu raba. Dar hazikauki kwa usiku mmoja kama zetu. Toa soli za ndani, jaza magazeti, ziweke chini ya feni. Kama unakuja wakati wa masika, beba jozi mbili. Semina ni mwezi gani? Ikiwa Juni au Julai, umebahatika. Ikiwa Februari, joto ni kali, fupisha mbio, geuzia Aga Khan.